Nilimsengenya Mtalaka wa Mume Wangu, Kumbe Ndiye Mdhamini wa Viza Yangu

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kubeba shida za watu. Naomba unisaidie na mimi, maana nina furaha na aibu kwa wakati mmoja, mpaka juzi kazini nimeshona pazia la mteja juu chini, maua yote yanatazama sakafu, tajiri akaniuliza kama naumwa nikamwambia ndiyo.

Mimi ni fundi mapazia na mume wangu ni fundi wa lifti, tunaishi ugenini, na tulikutana huku huku, nilikwama kwenye lifti na yeye ndiye aliyekuja kunitoa. Kwetu ni nchi moja na kwao ni nyingine. Mama yake amezeeka, alianguka akavunjika nyonga, anamtaka mwanawe arudi, na mume wangu akaapa kwamba harudi bila mimi, basi tukaanza kuniombea viza ya kuhamia kwao kama mke wake huku tukiwa bado tunaishi ugenini. Mshauri, anayesema ndoa ni mapenzi tu hajawahi kujaza zile fomu! Wanataka cheti, wanataka picha, wanataka vipimo vya hospitali, halafu wakataka mdhamini anayeishi kule mwenye kipato cha kule, kwa sababu mume wangu kule hana kazi wala kibanda. Kaka zake wawili walikubali kwa sauti kubwa, siku ya kutia sahihi wote wakaingia mitini, mmoja mpaka leo simu yake inaita tu.

Tukakata tamaa. Halafu siku moja mume wangu akarudi kutoka kazini na ovaroli lake la grisi, hata viatu hajavua, akasema, "Mdhamini amepatikana. Dada yangu, binti wa baba mdogo. Ndiye anayemhudumia mama." Nililia kwa furaha, mshauri. Nikasema huyo wifi ni wa kubebwa mgongoni.

Nikaomba namba, nikampigia kumshukuru, na tangu hapo ikawa kila wiki mimi na wifi. Ana simu ndogo ya vitufe, kwa hiyo sura yake sikuwa naiona, ila sauti yake ni ya mtu anayecheka kabla hujamaliza. Yeye ndiye aliyenipangia karatasi zangu kutoka mbali, hiki weka mbele, hiki kitolee nakala, picha mlizovaa sare zirudishe ndani mchague ambazo mmekunja sura, ndizo za ndoa ya kweli. Mama mkwe naye akipewa simu alikuwa ananiambia, "Huyu aliye na mimi hapa ni binti yangu, msikilize." Nikawa namsikiliza, na mimi namtania kama wifi anavyotaniwa.

Sasa sikia nilichokifanya. Wifi ni mtu wa kumwambia mambo, au sivyo? Nilijua mume wangu aliwahi kuoa huko kwao wakaachana bila mtoto. Yeye hajawahi kumsema vibaya huyo mwanamke hata siku moja, ila mimi nina wivu na mdomo wangu hauna breki, basi nikawa namuuliza wifi, "Hivi yule alikuwaje?" Akasema, "Alikuwa wa kawaida tu." Nikasema wa kawaida wapi, anayemwacha mwanamume mtulivu namna hii lazima awe na kasoro, mvivu yule, nina uhakika alikuwa anaamka jua limeshachoka! Akasema, "Labda alikuwa mvivu, wifi." Nikasema labda nini, sema hakika! Akasema, "Haya, hakika." Tukacheka wote wawili. Na si mara moja, mshauri. Kila wiki nilikuwa na jipya.

Siku ya usaili ikafika. Nimesimama mbele ya kioo cha ubalozini, ofisa ana mafua, anaulizia kwenye kipaza sauti huku akipenga, ndoa mlifunga wapi, mume anafanya kazi gani, anakoroma au hakoromi, yote nikajibu kama maji. Akafunua karatasi. "Mdhamini ni nani kwako?"

"Wifi yangu. Dada wa mume wangu."

"Una uhakika?"

"Kabisa bwana, naongea naye kila wiki."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, mume wako mwenyewe ameandika hapa kwamba huyu aliwahi kuwa mke wake."

Nilishika ile kaunta. Niliomba ardhi ipasuke inimeze pamoja na mkoba wangu. Karatasi za mdhamini sikuwahi kuzisoma, mimi kazi yangu ilikuwa kutia sahihi pale mume wangu alipoweka kidole. Na nikiogopa huwa nasema kila kitu, basi nikamwambia ofisa yote, kwamba nimedanganywa, kwamba nimemsengenya mtu kwa mtu mwenyewe mwaka mzima, kwamba nimemwita mvivu. Ofisa akazima kipaza sauti. Nikaona mabega yake yanatikisika. Alipowasha tena akauliza, "Na yeye alikuwa anakujibu nini?"

"Alikuwa ananifundisha namna ya kukujibu wewe."

Akamwita mume wangu, akamhoji peke yake, akarudi kwangu. Akasema, "Mama, watu wenye ndoa ya kubuni huwa wamejipanga kuliko ninyi." Viza tukapewa.

Namshukuru Mungu, na yule ofisa namwombea mafua yapone. Mume wangu nilimkuta nje kwenye benchi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ningekwambia ni yeye, ungekubali?" Nikasema nisingekubali. Akasema, "Basi. Na mama ndiye aliyesema nimwombe yeye." Nilinuna kutoka pale mpaka nyumbani.

Sasa, mshauri, viza ipo kwenye droo ya cherehani na ina mwisho wake, usipoingia kabla ya hapo inakufa tunaanza upya, na mama mkwe hana muda wa kuanza upya. Mume wangu anaitazama ile droo tu. Na mimi siwezi kuondoka, maana anayetupokea uwanja wa ndege ni yule yule, tunafikia kwake, kwenye nyumba anayokaa na mama. Mwenzangu wa kazini, mkata vitambaa, ananiambia huo ni mtego, anakuvuta ufike kwake ndio akulipe kwa kila neno. Simu zake sipokei. Ametuma ujumbe: "Wifi, nasikia yamejulikana. Umekula lakini?" Sikujibu. Jana ametuma mwingine: "Chumba chenu kipo tayari. Dirisha nimeliacha bila pazia, si unajua mimi mvivu."

Mshauri, hilo ni tusi au ni nini? Nimesoma mpaka herufi zimefutika machoni. Yule mwanamke amenifanyia ambalo ndugu wa damu wamelikimbia, nami sina uso wa kumtazama. Nikipanda ndege nitamwambia nini? Na nisipopanda, mama wa watu nitamwambia nini?

Ni mimi,
Fundi Mapazia, ugenini.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kwanza hongera ya viza. Pili, nimecheka mpaka aliyekaa chumba cha pili kaja kuuliza kuna nini. Nisamehe. Sasa kaa vizuri tuongee.

Tuanze na huyo fundi lifti wako. Amekosea, na usimwachie kwa sababu tu mambo yameishia vizuri. Kwenye fomu aliandika ukweli, uongo akakuletea wewe mezani! Kama yule ofisa asingekuwa na moyo wa kucheka, majibu yenu mawili yangegongana na ombi lenu lingeishia pale pale kwenye kioo. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo, mara moja, halafu uache. Na wewe nawe, mtu mzima unatia sahihi karatasi ambayo hujaisoma? Kitambaa cha mteja unakipima mara ngapi kabla hujakata? Basi na karatasi ni hivyo hivyo.

Mdomo wako sasa. Ulimsema mtu usiyemjua, ambaye mumeo mwenyewe hajawahi kumsema, ukamtungia uvivu na usingizi. Aibu unayoisikia ni ya haki yako, isikie. Lakini usiifanye kubwa kuliko mama mkwe aliyevunjika nyonga. Mgonjwa anamsubiri mwanawe, na wewe umemfungia viza kwenye droo ya cherehani kwa sababu unaona haya? Hapana, mama. Hapo nitakufokea.

Huyo mkata vitambaa wako mwambie akate vitambaa. Mtego gani? Mwanamke aliyetaka kukukomoa alikuwa na njia nyepesi kuliko zote: asitie sahihi. Kaka wawili walifanya hivyo na hakuna aliyewafunga. Yeye alisikiliza matusi yako wiki baada ya wiki, akikata simu anaenda kumgeuza mama mkwe kitandani, wiki inayofuata anakukumbusha nakala za cheti. Alikuwa na kila sababu ya kukwambia "mimi ndiye huyo unayemsema" na hakusema, kwa sababu ungekataa, na mama angebaki bila mwanawe. Alikuacha umtukane ili ufike. Mimi watu wa namna hiyo nimewasikia wachache sana katika kazi hii, na nakuonea wivu kidogo.

Unauliza ule ujumbe ni tusi? Fundi, wewe kweli! Huo ni utani! Anakutania kama wifi anavyomtania wifi. Amechukua lile neno ulilompiga nalo, amelisafisha, amekurudishia mlicheke wote. Mtu mwenye kinyongo haulizi kama umekula.

Na yule mama mkwe aliyekwambia "huyu ni binti yangu" hakudanganya. Mtu anayekuogesha na kukulisha wakati wanao wa kuzaa hawapokei simu, utamwitaje? Ni binti yake. Na binti wa mama mkwe ni nani kwako? Endelea kumwita wifi, usimtafutie jina jingine.

Sasa fanya hivi. Toa hiyo pasipoti kwenye droo, mpe mumeo akakate tiketi leo, si kesho. Ukifika, usianze uwanja wa ndege kulia na kupiga magoti mbele ya watu, utamtia aibu na mizigo itawapotea. Mkifika nyumbani, mkae watatu mbele ya mama, mumeo aseme alidanganya, wewe useme umekosa, sentensi moja tu, halafu ushike zamu yako ya kumhudumia mgonjwa usiku huo huo ili mwenzako alale. Aamke hata jua likichoka, na usimwite mvivu.

Lakini hayo ni ya huko mbele. Kabla hujaliweka gazeti hili chini, chukua simu umpigie. Kama maneno ya kuomba radhi hayatoki, usiyalazimishe, wewe ni fundi, sema lile unalolijua. Akipokea mwambie, "Wifi, nipe vipimo vya hilo dirisha, nianze kushona."