Pwani Isiyo na Watu

Mjukuu wangu Luteni Hamadi,

Sijamwambia mtu kwamba nililia uliponivisha ile miwani ya kompyuta inayoonyesha picha ya pwani yetu, mnayopangia mazoezi ya boti. Sote wazima hapa Micheweni. Darasani wananitania, "Bibi wa mwanajeshi," kwa kuwa babu yako ni kaka yangu kwa baba.

Umeuliza kwa nini niliivua ghafla. Ndani yake niliona boti zenu zikipanda ufukweni kwa kasi palepale mama anapolima mwani, na pwani haikuwa na mtu hata mmoja. Ukacheka, "Bibi, hiyo picha tu." Nikakurudishia miwani kwa haya. Lakini maji yakitoka, wanawake wote wako pale, wameinama kwenye mwani.

Jana nilikwenda na mama ofisini kwa sheha, kiongozi wa kijiji chetu. Mama aliposita, nilisema mwenyewe kwamba boti za mazoezi zisubiri maji yajae, wanawake wakishaondoka. Sheha akapiga simu kambini kwenu mbele yetu.

Bibi yako, Zuwena