Enda

Ikonge, Jumapili

Wifi yangu Mghoi,

Natumai wewe na kaka yangu Job mko salama huko Voi. Huku majani chai yamechipua vizuri, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike, mweusi kama sufuria.

Uliniuliza kuhusu tumbo. Bado linauma. Kwa miezi saba nimepewa dawa za minyoo, za vidonda, za homa ya matumbo, na hakuna aliyenipiga picha ya tumbo. Sketi ya kanisani sasa inanipwaya, naifunga kwa pini, lakini hilo usimwambie Job.

Wifi, kwa Kigusii tumbo tunaliita enda. Mwezi jana daktari mmoja, mgeni huku kwetu, aliniuliza ni wapi panauma. Maumivu yalikuwa yamenibana, nikapiga kelele, "Enda! Enda!" Akafikiri namfukuza. Kwenye faili akaandika mimi ni mgonjwa mkorofi.

Alhamisi nilirudi kwake. Akaandika dawa zile zile. Nikamwambia, "Daktari, hizi nimemaliza mara tatu. Andika hapo kwamba hujui, halafu unitume kwa anayejua."

Akaweka kalamu chini. "Mama, watu wamepanga laini. Enda."

Nikashika tumbo. "Ndiyo, daktari, ni hii enda. Na haiendi mahali."

Nesi alicheka mpaka akashika mlango, kisha akamweleza kwamba enda ni tumbo. Daktari hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika upya: nipigwe picha.

Jumanne napigwa picha. Chochote watakachoona, wataniambia kwa lugha zote mbili.

Ni mimi wifi yako mkorofi,
Drusilla Mong'ina