Sinema ya Kalamba Bila Sauti Yako

Mpendwa Baba,

Mjomba Musyoki anakuja tena Nairobi Jumatatu kukuona, na nimemwomba asiondoke kabla sijamaliza kukuandikia. Ametuambia kwamba tangu upasuliwe koo daktari amekukataza kusema hata neno moja, hata kunong'ona, mpaka kidonda kikauke. Amesema unaandika kwa chaki kwenye kibao na kupangusa kwa kiganja. Amesema pia kwamba alipomwuliza daktari kama sauti yako itarudi, daktari alitazama dirishani kwanza, kisha akasema tungoje. Mama aliinuka akaenda kuangalia maharagwe ambayo hata yalikuwa hayajabandikwa.

Ninaogopa, Baba. Unajua mimi ni mwoga tangu zamani, lakini uoga wangu ulikuwa wa watu. Kupita mbele ya wanaume waliokaa dukani. Kuitwa ubaoni. Nilidhani nikimaliza Kidato cha Nne nitarudi nyumbani huku milimani Mbooni, nitakaa na ng'ombe na migomba, na hofu itabaki shuleni na madawati. Sasa ninaogopa hata nikiwa peke yangu zizini. Jirani akikohoa ng'ambo ya ua nasimama nisikilize, kwa sababu kikohozi chako kilianza hivyohivyo, na sote tulikicheka.

Nakumbuka siku kilipoanza. Tulikuwa tumekwenda kuonyesha sinema Matinyani, mimi nikiwa likizoni, na wewe ulikuwa umeshika kipaza sauti ukiifasiri ile sinema ya kutengeneza matuta shambani. Sauti ikakatika katikati ya neno. Ukanywa maji, ukaugeukia umati na kusema, "Nisameheni, nimemeza vumbi lenu. Nitalirudisha mvua ikinyesha." Watu wakacheka. Mimi niliyekuwa karibu na mashine ya sinema nikaona ulivyoshika shingo kwa mkono mwingine, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Nilitaka kukuuliza.

Mashine naijua kwa sababu yako. Hukuwahi kukaa chini ukanifundisha. Ulikuwa unaniita tu, "Mwaitu, nishikie hapa," na watu wa mbali wakashangaa mwanamume mzima anamwita msichana mama. Uliwaeleza kila mahali kwamba nimepewa jina la mama yako, kwa hiyo ni mama yako, na mtu hamwambii mama yake "wewe, njoo." Basi mama yako alishika waya, alishika taa, alishika kanda. Kwanza tulitafuta mahali pa jenereta, mbali nyuma ya watu na upande upepo unakoelekea, kelele zisije zikameza maneno. Halafu ile shuka nyeupe, iliyofungwa kwenye nguzo mbili na kuvutwa mpaka ikalia ukiipiga kwa kidole. Halafu projekta juu ya meza, na kijiwe chini ya mguu mmoja, kwa sababu ulisema hakuna meza ya kanisa iliyo sawa.

Kuingiza kanda ndiko kulikoniogopesha. Ulipitisha kanda kwenye meno ya magurudumu, ukaiachia kitanzi juu ya lenzi na kitanzi kingine chini. "Usiivute ikakaza," ulisema. "Iache ipumue." Kisha feni, kisha kanda itembee, kisha balbu, mwisho kabisa. Ulinionyesha kwa nini. Uliwahi kukuta kipande cha kanda kilichosimama mbele ya balbu, chenye tundu la kahawia kama jani lililoguswa na moto, na ulikitunza kwenye kopo ili wanaojifunza wakione. Nilikiota kipande kile.

Kazi ikiisha nilikwenda kukaa nyuma ya shuka, walikokaa watu wenye haya kama mimi, na watoto waliochelewa kupata nafasi mbele. Kule picha zilionekana vizuri, ila kila mtu alikuwa wa mkono wa kushoto. Wazee wa kule nyuma hawakupenda. "Tazama huyu," mmoja alisema, "anakula kwa kushoto na hakuna anayemkanya." Mwenzake akamjibu, "Ni mzungu aliyemfundisha." Sijawahi kukuambia kwamba nilikuwa nawasikiliza wao kuliko sinema, na kwamba juu ya maneno yao yote ilikuwepo sauti yako kwenye spika, na kwa kuwa ilikuwepo, sikuogopa giza.

Unakumbuka siku ulipobonyeza swichi ya kurudisha kanda nyuma bila kuzima balbu? Ni ile sinema ya matuta, ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ile wanayoiita fanya juu. Tukaona udongo unaruka kutoka juu na kurudi mtaroni, na mkulima anatembea kinyumenyume na koleo lake. Mtu akaita, "Sasa hii ni fanya chini!" Wewe hukuzima. Ulichukua kipaza sauti ukasema, "Huyu ni jirani yenu. Anarudisha udongo aliouiba." Mama alicheka mpaka kanga ikamfunguka. Hata sasa akiona mtu anachimba mtaro hutabasamu, au alikuwa akitabasamu, kabla hujapelekwa Nairobi.

Sasa nikwambie habari ya Kalamba.

Mchungaji alikuja nyumbani akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Watu wa Kalamba wameshatangaziwa sinema," alisema. "Nikiwaambia hakuna, watauliza kwa nini. Na hakuna mwingine anayeijua ile mashine."

"Kuna huyu," Mama akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Nilisema naweza kuendesha mashine, lakini kusema siwezi. Mchungaji akasema nimesoma, Kiingereza cha ile sinema nakielewa, nitafasiri tu kwa Kikamba. Alisema "tu." Baba, natamani ningejua kumwambia kwamba kazi yako yote ilikuwa ndani ya hilo "tu." Lakini Mama alikuwa ananitazama, na nikaona yeye anaogopa kuliko mimi. Nikaelewa kwamba Kalamba ikikosa sinema, watu watakuja kumwuliza una nini, na atalazimika kusema kwa mdomo wake. Nikakubali.

Mjomba Musyoki alishusha jenereta kwa punda na mimi nikabeba lenzi kifuani, ndani ya sweta. Tulifika jua likiwa bado juu. Nilifanya kila kitu kwa mpangilio wako. Kanda ilinitoka mkononi nikaianza upya, na Mjomba akajifanya anafunga punda ili asinitazame. Jioni ilipoingia uwanja wa kanisa ulijaa. Nikawasha feni, kanda ikatembea, nikawasha balbu. Picha ikatulia kwenye shuka, safi, na kwa muda mfupi nilifurahi. Nilitaka uione.

Ya matuta ilikuwa ya kwanza. Ina muziki mwingi, na nilitaja maneno machache, chimba hapa, tupa huku, karibu kwa kunong'ona. "Hatusikii!" wakaita. Nikakiweka kipaza sauti mezani.

Kisha nikaweka ile ya mwana mpotevu, ambayo watu wa Kalamba wameiona kwako kila mwaka. Nilikuwa nimeyafasiri maneno yake yote kichwani, usiku na mchana. Yule kijana akasimama mbele ya baba yake kudai urithi wake. Nikakileta kipaza sauti mdomoni. Hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimefungua mdomo, Baba, na nilihisi hewa inapita kooni bila sauti, na nikawaza: hivi ndivyo ilivyo kwake. Hivi ndivyo anavyolala kule Nairobi. Baada ya hapo nisingeweza kusema hata kama ningetaka. Sinema ikaendelea kwa Kiingereza, na spika ikipiga kelele zake za kukwaruza.

"Leo sinema imekula nini hata isiseme Kikamba?" mwanamume mmoja akauliza.

"Mwambieni huyo msichana hatukuja kumtazama yeye," mwingine akasema, na vijana wakacheka.

Nilikuwa nikitafuta kwa macho njia ya kupita kati ya watu. Ndipo nyanya mmoja aliyekaa kwenye kigoda karibu na meza yangu akaanza kusema. Hakuwa na kipaza sauti, na hakuhitaji. Picha ilikuwa imefika pale baba anapomwona mwanawe kwa mbali, njiani. Kwa Kiingereza mzee yule anasema maneno mawili tu, "my son," yaani mwanangu, basi. Lakini nyanya alisema, "Hapa baba yake huyu msichana alikuwa akisema: Nilimjua kwa mwendo, kabla sijaona uso. Hata kama miguu imechoka, mwendo ni ule niliomfundisha."

Nikajua maneno yale ni yako. Hayamo kwenye sinema. Miaka yote nilidhani yamo.

"Ndiyo," mwanamume mmoja akasema, "alikuwa akisema hivyo. Na pale kwa nguruwe alikuwa akiguna kama nguruwe."

"Alikuwa mtu wa mzaha," mama mmoja akasema kwa huruma. "Alikuwa na sauti."

Alikuwa. Alikuwa. Walikuwa wanalipitisha neno hilo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, polepole, kama watu waliotoka matangani. Sijui nani aliwaambia nini. Labda hakuna aliyewaambia. Labda watu wakiona meza na mtu hayupo hulitumia neno hilo wenyewe. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Niliona kwamba nikinyamaza tena kidogo watamaliza kukuzika, pale uwanjani, kwa upendo, na mimi nikiwa nimeshika kipaza sauti chako.

"Anasema," nikasema.

Spika ikapiga mluzi na watu wa mbele wakaziba masikio. Nilikuwa nimekisogeza karibu mno. Nikakirudisha nyuma kidogo, nikarudia.

"Baba yangu anasema hivyo. Si alikuwa. Yuko hospitalini, Nairobi. Anasema."

Watu wa mbele wakageuka kunitazama. Kisha yule yule aliyeuliza sinema imekula nini akasema, bila kucheka safari hii, "Basi tuambie. Hapo anasema nini?"

Nikawaambia. Sikufasiri. Nilisema maneno yako, nikikusikia kichwani na kufuata nyuma, wale watumishi wanaokimbizana kutafuta viatu, yule ndugu mkubwa anayekataa kuingia ndani. Nilikosea mahali pengi na nyanya alinisahihisha kwa sauti ya juu kila mara. Kuguna sikuguna. Mwanamume wa nyuma alitaka nguruwe warudi ili nigune, wakamwambia anyamaze. Kanda haikukatika. Ilipokwisha nilizima balbu, nikaiacha feni izunguke mpaka mashine ipoe, kama unavyofanya, na watu waliopita karibu na meza waliniambia, "Msalimie baba." Nilisema nitakusalimia. Mama mmoja alinishika mkono muda mrefu kama anayetoa pole ya msiba, na huyo ndiye aliyeniogopesha zaidi.

Mama amesikia habari kutoka kwa Mjomba. Hakunisifu. Alikaa karibu nami jikoni akauliza, "Uliwaambia hivyo? Anasema?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama moto. Kisha akasema, "Sawa." Tangu hapo nimemsikia akiwajibu majirani vivyo hivyo. Anawaambia unasema. Anakazia neno hilo mpaka wanaacha kuuliza.

Baba, uwanja mzima uliniamini. Mama ameniamini, au amechagua kuniamini, sijui. Kabla ya hapo sikuwahi kusema jambo lolote mbele ya watu, kubwa wala dogo, na la kwanza nililolisema ni hilo, na sijui kama ni kweli. Usiku nalala nikiwaza yule daktari na dirisha lake. Ninaogopa siku Mjomba atakaporudi kutoka huko kwako. Nitamwona anapanda mlima na nitatafuta kujua kwa mwendo wake, kabla hajafika, kabla hajafungua mdomo.

Usijaribu kunijibu kwa sauti. Usimbishie daktari. Kaa kimya kama alivyokuambia, kwa muda wote anaoutaka, na mimi nitasema badala yako popote watakaponipeleka, hata nikitetemeka. Lakini siku wakikuruhusu, jaribu. Neno moja tu, lolote, hata kwa ukuta. Nimeshawaambia watu. Tafadhali usiniache nikawa mwongo.

Lala salama, na Mungu akuwekee mkono wake kooni.

Ni mimi binti yako, na mama yako.