Injini ya Mwalimu Beshir Inagonga

Gafsa, Jumapili

Kwa dada yangu Zohra,

Salamu nyingi zikufikie huko Sfax, wewe, shemeji na watoto. Je, kifua cha mdogo kimepoa? Sisi hapa tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mafuta ya zeituni uliyotuma yalifika, na Baba aliyaonja kwa mkate kabla hata sijafunga mlango.

Dada, najua umesikia kuwa Mwalimu Beshir, yule aliyekufundisha hesabu, ameanguka na pikipiki. Hukusikia yote.

Mwezi uliopita aliileta gereji ile pikipiki yake kuukuu, akilalamika kwamba inatoa mlio akipanda mlima. Baba akaiwasha, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Akasema inagonga chini kabisa, kwenye beringi ya konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni. Ifunguliwe, isiende popote. Nami nikasikiliza. Nikasema ni vali tu zimelegea, kazi ya nusu saa. Baba akashikilia lake. Nikacheka mbele ya wateja, nikamwambia Mwalimu, "Mzee siku hizi anasikia hata sisimizi wakikohoa!" Watu wakaangua kicheko. Baba akafuta mikono, akaingia ndani. Mwalimu alikuwa anawahi shule, akaona heri kazi yangu ya nusu saa. Nikarekebisha vali, akaondoka.

Siku ya nne injini ilinoki kwenye mteremko wa barabara ya Metlawi. Konrodi ilikatika, gurudumu la nyuma likakwama papo hapo, Mwalimu akatupwa kwenye mawe. Nyonga imevunjika. Daktari anasema huenda asitembee tena bila magongo.

Nilingoja Baba anitukane. Wapi! Alikwenda hospitali akamwomba Mwalimu radhi, akasema kosa ni lake, kwa kuwa hakunifundisha vizuri kusikiliza. Tangu hapo, kila asubuhi alikuwa akinishika bega, ananiwekea mpini wa bisibisi sikioni na kuniambia taratibu, "Usiharakishe, mwanangu. Vali zinagonga kwa sauti nyembamba, huku juu. Konrodi mlio wake mzito, unatoka tumboni. Umeusikia?" Nami naitikia kama mwanafunzi. Dada, nilikuwa namdanganya.

Maana niliusikia. Siku ile ile, mara ya kwanza tu, niliusikia ule mlio mzito waziwazi kama alivyousikia yeye. Lakini nilikuwa nimechoka kuitwa "mtoto wa fundi" na miaka yangu thelathini na minane. Nilitaka watu waone mzee amekwisha, anipishe.

Alhamisi nilimwambia. Aliuliza neno moja tu: "Ulisikia?" Nikasema ndiyo. Akavua koti lake la kazi, akanipeleka hospitali, akasimama mlangoni nikisema yote mwenyewe. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta.

Tuliporudi, Baba aliweka ufunguo wa gereji mbele yangu. "Haya, chukua. Si ulikuwa unautaka?"

Hajakanyaga gereji tangu siku hiyo, amejifungia chumbani, wala hasemi nami. Wateja wanakuja, wanamuulizia.

Njoo, dada yangu, hata kwa siku mbili. Wewe atakufungulia mlango. Nibusie watoto, na shemeji umfikishie heshima zangu. Haya mengine mwambie ukiona inafaa.

Mdogo wako,
Lamjed