Walivyomzamisha Rukia Mbele ya Macho Yangu

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mbweni, na hasira bado ninayo. Leo jeshi lilituita sie wazazi ufukweni, tuone watoto wetu wanavyojifunza kuruka kutoka kwenye helikopta kuokoa watu baharini. Nikavaa gauni langu la Idi. Kila niliyekaa naye nikamwambia, "Hakuna anayemfikia Rukia wangu kwa kuogelea!"

Kumbe wamempa kazi ya kujifanya anazama! Likaruka jitu moja kutoka juu, likamfikia. Rukia akalikaba shingo, nalo likazama naye makusudi. Dada, niliingia baharini na gauni langu. "Mwachie mwanangu, mshenzi wewe!"

Mwalimu wao akanivuta. "Mama, anayezama akikukaba, unashuka naye chini. Atakuachia mwenyewe, ndipo unamwokoa."

"Kamshushe mama yako!"

Rukia akatoka majini, macho mekundu. "Mama, kakae. Sasa zamu yangu."

Safari hii jitu ndilo likajifanya linazama. Mwanetu akaruka kutoka juu kule! Likamkaba, akashuka nalo, akaibuka amelishika kidevu vilevile nilivyokuwa nikimshika yeye nikimwogesha. Nikapiga kelele, "Lirudishe chini!"

Akampigia mwalimu saluti, mie hata hakunitazama. Ati nimemwaibisha! Nimenuna mpaka sasa.

Wabusu wajukuu, na Mungu akuponye hilo goti. Gauni limekauka na chumvi yake yote, na silifui mpaka ulione.

Mdogo wako,
Mama Rukia