Wanauza Fleti Yetu Nikiwa Ndani

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie haraka, kwa sababu kuna watu wanauza nyumba ninayoishi na mimi nimo ndani yake.

Mume wangu Mutunga alifariki mwezi wa pili na tukamzika kwao Kilungu, nami nikarudi Nairobi na binti zetu wawili, Kavata na Nthenya, kwenye fleti yetu huku Kileleshwa, mahali penye miti mingi hata asubuhi unaamshwa na ndege kama uko milimani. Tuliinunua ikiwa imechakaa, mabomba yanavuja na kuta zimefura maji, na Mutunga ambaye kazi yake ilikuwa kupiga plasta akawa anatoka kazini jioni na kuanza kazi nyingine nyumbani, mimi nikisugua milango kwa msasa na kuuza vikapu vya viondo na machungwa ya Kilungu ili tupate rangi na vioo. Akimaliza ukuta alikuwa anaugonga kwa kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha ananiambia, "Nzilani, hapa pameiva." Mpaka leo nikipita hapo naugonga.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa, na shemeji yangu Nzioka akasema nyumba isiyo na mtoto wa kiume inarudi kwa ukoo, iuzwe, maana wasichana wataolewa na kuwapelekea watu wengine jasho la Mutunga. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kwetu mjane habishani na wazee udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, na kumbe walichukua kimya changu kuwa ndiyo.

Sikujua hivyo mpaka jirani yangu Bilha alipogonga mlango na gazeti mkononi. "Mama Kavata, unahama na husemi? Hata kwaheri tunyimwe? Wameandika hapa fleti ya familia, imekarabatiwa, mtaa mtulivu wa miti, na jengo ni hili letu!"

Kabla sijamaliza kulia akaja dalali na bwana mmoja na mkewe. Dalali akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba yuko wapi?" Nikamwambia mwenye nyumba amekufa. Akasema, "Pole. Basi endelea tu na kazi, hatutakusumbua." Alidhani mimi ni mfanyakazi! Yule mama akafungua makabati yangu ya jikoni, akaonyesha ukuta wa sebule na kusema huu utabomolewa, na mimi, Mshauri, nikawapikia chai, maana mgeni ni mgeni.

Walipoondoka nilikwenda Kilungu kumuuliza Nzioka. Hakuona haya. Alisema, "Shemeji, ukitaka fleti ibaki, oa iweto. Utampata kijana wa kiume kwa jina la Mutunga na hakuna mtu atakugusa. Msichana nimeshampata, ni Syombua wa hapa jirani." Wewe unajua mila yetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana amzalie warithi. Nikamwuliza, na hao watoto baba yao atakuwa nani? Akacheka, akasema, "Hiyo niachie mimi."

Syombua ana miaka kumi na saba na anajifunza kushona. Alinisindikiza mpaka barabarani akinibebea mzigo, na tulipofika akaniambia polepole, "Mama, ukinitaka nitakuja kwa sababu baba yangu amesema. Lakini mimi sitaki." Nilirudi Nairobi nikiwa na hasira ambayo sikujua ninayo.

Jumamosi ukoo unakuja hapa, nikubali iweto au nitoe funguo. Akina mama wa kanisa wananiambia nyenyekea, usipigane na ndugu wa marehemu. Mimi sitaki kuoa mtoto wa watu na sitaki kutoa funguo. Je, nikikataa yote mawili nitakuwa nimemkosea Mutunga?

Nzilani, mjane wa Mutunga

JIBU LA MSHAURI

Mama Kavata, pole kwa kufiwa. Nakupa pole hiyo kwa moyo wote, kisha tuiweke kando, kwa sababu huzuni yako ndiyo mlango ambao Nzioka amepitia.

Uliwapikia chai! Watu wanapima ukuta wa marehemu mumeo na wewe unawauliza sukari ngapi. Upole ni tabia njema, mama, lakini upole wako haumzuii dalali kuandika hati ya mauzo, na ukoo hauna haki ya kukusemea eti kwa sababu ulinyamaza ukiwa na kitambaa cha msiba kichwani.

Sasa sikiliza. Tangu mwaka wa 1981 tuna sheria ya urithi. Mtu akifa bila wosia, mjane wake ndiye wa kwanza kuomba mahakamani kusimamia mali, si kaka yake. Binti zako ni warithi wa baba yao, waolewe wasiolewe. Na kabla mahakama haijatoa kibali, hakuna anayeruhusiwa kuuza hata kitasa cha mlango. Anayeuza anavunja sheria, na anayenunua ananunua kesi.

Kuhusu iweto, Nzioka asikufundishe mila akiwa ameigeuza chini juu. Iweto huolewa na mwanamke anayemtaka mwenyewe, kwa hiari yake. Tangu lini shemeji akaenda kumposea shemejiye mke? Huyo anajitafutia mtoto atakayeitwa wa Mutunga na kulelewa na yeye, ili fleti iwe mikononi mwake bila kelele. Syombua amesema hataki, nawe umemsikia. Huo ndio mwisho wa maneno hayo. Mwambie baba yake hivyo wewe mwenyewe, kabla Nzioka hajapeleka mbuzi wa mahari.

Kesho usiende kuombewa, nenda kwa chifu wenu akuandikie barua ya kukutambulisha wewe na binti zako. Chukua cheti cha kifo na cheti cha ndoa, uende mahakamani ufungue maombi, kisha uweke zuio katika ofisi ya ardhi ili hati isihamishiwe mtu mwingine. Huna wakili? Karani wa mahakama atakuonyesha mahali pa kutia sahihi. Usitie sahihi karatasi yoyote ya Nzioka, hata akisema ni ya mchango wa kaburi.

Jumamosi wapokee wazee sebuleni. Bilha akae karibu nawe, na Kavata na Nthenya wasifichwe chumbani. Useme mara moja, bila kulia: "Siuzi, sioi, na mambo yako mahakamani." Wakipiga kelele, waache wapige.

Umeuliza kama utamkosea Mutunga. Mutunga hakupiga plasta usiku na mchana kwa ajili ya kaka yake. Utamkosea ukitoka.