Baba Ameishonea Spika Koti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi maana baada ya hapo ushauri wowote utakuwa umechelewa, hata mwandiko wangu utauona unavyoruka mistari, si kwa woga bali kwa furaha iliyochanganyika na presha, kwa sababu mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa nyumba yetu, Jumamosi jioni atatangaza mpira kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, mechi nzima kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na mimi tangu nipate habari hizo nimeshawaambia wagonjwa wote wanaokuja kwa daktari wa meno ninakofanya kazi ya mapokezi, hata wale waliokuja wameshika mashavu na hawana hamu ya maongezi.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mimi na kaka yangu tunaishi na Baba, Mama alishatutoka, na Baba ni fundi makochi, karakana yake iko uani, na ndiye aliyemfundisha mdogo wangu mpira, maana zamani walikuwa wakikaa wawili karakanani na redio, Baba anashona, mdogo wangu ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa anajifanya anatangaza, na Baba bila kuinua kichwa anamwambia, "Usiseme tu amepiga, sema amepiga kwa mguu gani." Kwa hiyo unaweza kufikiri mwenyewe Jumamosi hii ina maana gani kwake, ila masikio ya Baba yamepungua, mshauri, yamepungua sana, na hataki mtu aliguse jambo hilo, anasema watangazaji wa siku hizi wanatafuna maneno, anasema televisheni hizi nyembamba hazina kifua, na hapo kwenye televisheni ana haki kidogo maana ya kwetu spika zake ziko nyuma na sauti yote inaishia ukutani. Anakaa na sisi, anatazama picha, tukicheka anacheka, ila anacheka baada yetu, na siku hizi mechi ikifika katikati anainuka anasema ana kazi ya kumalizia, nikimfuata na chai namkuta amekaa kwenye kochi la mteja, mikono mitupu, taa hata hajawasha.

Simu ndiyo anasikia, kwa sababu anaibana sikioni. Basi juzi mdogo wangu amepiga, wameongea, wamecheka, halafu akaomba kuongea na mimi, akashusha sauti akaniuliza, "Dada, Baba atanisikia?" Nikajibu atakusikia vizuri kabisa, nimejibu kabla sijafikiri, na nilipokata simu nikaona nimejitia kitanzi, ndipo nikaenda kununua saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni, nikarudi nayo nimeikumbatia njia nzima na watu wananipisha.

Kaka yangu ni dereva wa lori na kwa nyaya hashauriki, alisema kijitabu cha maelezo ni cha wasiojua, akakitupa kwenye boksi, akachomeka waya wa HDMI kwenye tundu lililokuwa wazi kwa sababu tundu jingine lina king'amuzi, kimya, akabadilisha akajaribu ule waya mwembamba wa kupitisha mwanga, ukagoma kuingia, akausukuma mpaka jasho likamtoka, ukagoma, mwisho akaunganisha kwa bluetooth na mshauri, ikaongea! Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba au harusi. Kasoro zilikuwepo, sikatai, sauti ilikuwa inachelewa nyuma ya picha, mchezaji ameshafunga na ameshavua jezi ndipo mtangazaji anasema anakaribia lango, na televisheni nayo ilikuwa inaendelea kuongea kivyake, ikawa watangazaji wawili wanagombana, lakini Baba alisogeza kiti, akainamisha kichwa, akasema, "Huyu amesema kona." Na kweli alikuwa amesema kona. Niliingia jikoni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Kesho yake nimetoka kazini nikakuta Baba ameishonea saundiba koti. Si kitambaa cha kufunika tu, ni koti, la ngozi ya makochi rangi ya damu ya mzee, ndani sponji nene ili isiumie, zipu nyuma, ukingo umepigwa kamba kama kochi la ofisini, na mbele ameacha kidirisha kidogo cha kuonyesha taa. Karakana aliifunga siku nzima kwa ajili hiyo, wateja wamerudi na viti vyao. Ameniambia, "Kitu cha thamani hakikai uchi mwanangu," na majirani wamekuja mmoja mmoja kulisifia, na kusema kweli ni koti zuri, nami nikalisifia, na tulipowasha televisheni sauti ikatoka kama mtu anayeongea chini ya godoro. Baba alisikiliza kidogo, akasema, "Wanatafuna maneno," akainuka akaenda karakanani.

Sasa mshauri nifanye nini, maana nikilivua koti itabidi niseme kwa nini, na nikisema kwa nini nitakuwa nimemwambia Baba yangu mzazi kwamba hasikii, na yeye ndiye aliyeiziba sauti kwa mkono wake mwenyewe, si nitamvunja moyo siku ambayo anapaswa kufurahi kuliko wote. Kaka anasema tulivue Jumamosi kwa siri tusingizie zipu imeharibika, au turudishe kitu chenyewe dukani, mimi nimefikiria kumwambia mdogo wangu apaze sauti, halafu nikajiona mjinga kwa sababu atakuwa anaongea na nchi nzima. Na hata likivuliwa, ile sauti ya kuchelewa tutaiponyaje? Nisaidie, sijui nianze na koti au nianze na nyaya.

Ni mimi, Binti wa Fundi Makochi

*

Binti wa Fundi,

Hongera. Hongera wewe, hongera mdogo wako, na hongera mzee kwa malezi. Barua yako nimeisomea chumba kizima cha habari, na jamaa wa meza ya michezo wameacha chai yao ipoe. Jumamosi sitoki nyumbani.

Furaha tuiweke hapo, sasa nikuseme. Umeanza vizuri, umenunua kitu kinachofaa, halafu umemkabidhi mtu anayetupa kijitabu kwenye boksi. Mwambie kaka yako nimesema lori aendeshe yeye, ila televisheni asiiguse mpaka awe amesoma gazeti hili.

Anza na nyaya, maana hazina hasira. Nyuma ya televisheni, kwenye yale matundu ya HDMI, tafuta lililoandikwa pembeni herufi tatu ndogo, ARC. Hilo ndilo linaloweza kutoa sauti ya televisheni kuipeleka nje. Mengine yanapokea tu. Nina karibu hakika kabisa kwamba king'amuzi chenu ndicho kimelikalia. Kihamishe, kikae tundu lingine lolote, kisha kwa rimoti ichagulie televisheni tundu hilo jipya, maana kioo kikiwa cheusi mtadhani mmeua kitu na mtaanza kulaumiana. Waya wa saundiba uingie kwenye ARC, na upande wa pili, kwenye saundiba yenyewe, napo uingie palipoandikwa hivyo hivyo. Ukimaliza, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa televisheni, chagua spika ya nje, na ile ya ndani uizime. Hapo watangazaji wako wawili wanabaki mmoja.

Bluetooth futa kabisa. Inafaa kwa muziki ukiwa unafua, ila kwenye mpira itawapa bao kwanza na habari zake baadaye.

Na kama televisheni yenu haina ARC, rudini kwenye ule waya mwembamba uliomtoa kaka jasho. Haukugoma. Ncha zake mbili huja zimevalishwa vifuniko vidogo vya plastiki, ving'avu, usipoangalia vizuri utadhani ni sehemu ya waya. Vitoe vyote viwili. Kisha tazama umbo la ncha, uiingize kama tundu lilivyo, bila nguvu, mpaka usikie imekaa. Nacheka kwa sababu nami niliwahi kusukuma na vifuniko vyake, nikarudi dukani kugomba, na muuzaji akavitoa mbele ya wateja wenzangu.

Kisha shika rimoti ya saundiba yenyewe, tafuta kitufe cha kukuza sauti za watu, mara nyingi kina alama ya mtu anayeongea. Kibonyeze. Besi ipunguze. Nyumba nyingi huongeza besi mpaka vikombe vicheze kabatini, halafu wanashangaa mzee haelewi neno. Masikio yaliyopungua hayahitaji mtikisiko, yanahitaji maneno yawe safi. Saundiba isogeze mpaka ukingo wa mbele wa meza, na mbele yake usiweke chombo cha maua, picha ya harusi wala kitu chochote.

Sasa koti.

Binti wa Fundi, nilipofika kwenye koti niliiweka barua chini kwa muda. Mzee amefunga karakana siku nzima kwa ajili ya spika. Unafikiri alikuwa anafunika plastiki na nyaya? Alisikia kona, mwanangu. Amesikia neno moja baada ya muda mrefu, na kwa kuwa yeye shukrani yake anaitoa kwa cherehani, akashona. Kwa hiyo habari ya kulivua kwa siri na kusingizia zipu isirudiwe nyumbani humo. Huwezi kumwambia fundi makochi kwamba zipu yake imeharibika. Hapo ndipo utamvunja moyo kweli.

Nawe umenichosha kidogo, nikuambie ukweli. Habari za mechi umewaambia wagonjwa wa meno, za masikio umeniambia mimi na gazeti zima, na mwenye masikio hujamwambia neno. Unamwona anainuka mechi ikiwa katikati, unamkuta amekaa kizani, unampa chai na kurudi. Unaita heshima. Mimi naita uoga, na naelewa uoga huo, maana hakuna mtoto anayependa kuwa wa kwanza kumwambia mzazi kwamba kuna kitu kimepungua. Lakini yeye anajua. Alijua kabla yako. Anachokosa ni mtu wa kujua pamoja naye.

Leo hii, ukitoka kazini, usiingie sebuleni. Nenda karakanani ukae. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Baba, nimeona unapata shida kusikia televisheni, na nimenunua ile spika kwa ajili yako. Koti ni zuri mno, ila linazuia sauti. Nisaidie." Usizunguke. Usianze na hadithi ya mtu mwingine aliyepungua masikio. Atanyamaza, pengine atakuuliza una adabu gani siku hizi. Mwache anyamaze, usijaze kimya hicho kwa maneno.

Halafu mpe kazi. Anayejua vitambaa humo ndani ni nani? Mwambie koti halitupwi, lifumuliwe mbele. Nyuma na juu libaki ngozi yake, ila mbele aondoe ngozi na sponji, aweke kitambaa chepesi chenye matundu. Kipimo ni rahisi: akiweke mdomoni apulize, pumzi ikipita bila kuzuiliwa, sauti nayo itapita. Na nyuma aache nafasi, vyombo hivi hupata joto na havitaki sponji. Na kama halitakuwa tayari mpaka Jumamosi, basi siku hiyo saundiba ikae bila koti, kwa ruhusa yake yeye, na zipu aifungue yeye.

Ijumaa fanyeni majaribio na msoma habari yeyote. Mzee akae kwenye kiti chake, rimoti iwe mkononi mwake, aongeze na kupunguza mpaka aseme mwenyewe hapo. Akitaka sauti ya kusikika hadi kwa jirani, jirani avumilie, si alishazoea kelele zenu. Na wiki ijayo mpeleke apimwe masikio. Unafanya kazi kwa daktari. Usiniambie hujui nani wa kumuuliza. Saundiba itasaidia sana, lakini haitibu.

Siku yenyewe, nakuomba jambo moja na ulishike. Mdogo wako akianza kutangaza, usimrudie Baba maneno. Usimgeukie kumuuliza kama amesikia. Tazama mpira.

Mechi ikiisha simu italia, na itakuwa yako, kwa sababu mdogo wako bado ana swali lile lile na amezoea kukuuliza wewe. Usipokee. Mpe Baba simu ikiwa bado inaita, utoke sebuleni pamoja na huyo kaka yako, mfunge mlango. Ulishamjibu mara moja kwa niaba ya Baba. Safari hii mzee ajibu mwenyewe.